Sarafu Yenye Kosa Ipo Kweli, Ila Mamilioni ya Staa Huyu ni Kiini Macho

Wadau, wiki hii mtandao mzima umegeuka soko la sarafu. Chanzo ni kaka mmoja maarufu hapa mjini, jina naliweka kapuni, ila ukisikia sauti yake tu unamjua. Alikwenda laivu, akapanga sarafu nne juu ya meza ya kioo, akasema zote zina "makosa ya kiwandani" na kila moja huko nje inafika milioni kumi na tano. Mwisho wa laivu ndo ikaja habari yenyewe: kama na wewe una sarafu nyumbani, tuma elfu kumi ya usajili uingizwe kwenye grupu la WhatsApp, wanunuzi wa Ulaya wako humo wanasubiri.

Tangu siku hiyo vibubu vinavunjwa. Watu wanapekua mikoba ya bibi zao, wanamsumbua Mangi awabadilishie noti kwa chenji, wanapiga picha shilingi mia chini ya taa ya simu. Kwenye komenti za video ile kuna dada kaandika alituma elfu kumi, akaambiwa aongeze elfu thelathini ya "cheti cha kimataifa", na sasa inboksi yake haisomwi. Komenti yake ina laiki nyingi, halafu chini yake watu kumi wanauliza, "Kaka namba ya kutuma ni ipi?"

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Sarafu zenye makosa zipo, zinakusanywa dunia nzima, na chache sana zimeuzwa kwa hela ndefu kweli. Lakini kulijua kosa ni elimu ya bure, ya jioni moja, na mtu mwenye elimu hiyo huwezi kumuuzia usajili. Ndiyo maana staa wetu aliongea saa nzima bila kueleza hata dakika moja sarafu inatengenezwaje. Angeeleza, biashara ingekufa palepale.

Basi ngoja mimi niieleze.

Sarafu inaanza kama bati refu la chuma. Mashine inakata vibati vya duara, kisha vinabanwa pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Hapo bado ni vitupu, havina kichwa wala maandishi. Kibati kinaingia katikati ya chapa mbili, moja ya upande wa kichwa na nyingine ya upande wa pili, huku pembeni kimezungukwa na pete ya chuma inayokizuia kisitanuke. Chapa zinagonga mara moja, pwaa, sarafu imetoka. Mashine za kisasa zinagonga zaidi ya sarafu 700 kwa dakika moja, kwa hiyo hakuna binadamu anayeweza kuikagua kila moja. Ndo mwanya ambao kosa hupitia.

Kwa mantiki hiyo kosa lina nyumba tatu tu. Linaweza kuwa la kibati, yaani chuma kilikatwa vibaya au kiliingia chuma ambacho si chake. Linaweza kuwa la chapa, yaani ule muhuri wenyewe una ufa au ulitengenezwa vibaya. Au linaweza kuwa la kugonga, yaani kibati kilikaa upande, au kiligongwa mara mbili. Kitu chochote kilichoipata sarafu baada ya kutoka kwenye mashine, iwe moto, nyundo, tairi la bodaboda au meno ya mtoto, hicho wakusanyaji wanakiita uharibifu. Na uharibifu hauongezi bei, unaipunguza.

Swali la kwanza la mkusanyaji, kwa hiyo, ni hili: "Hiki kitu kingewezaje kutokea ndani ya mashine?" Kama huna jibu, huna kosa. Sasa tuzipitishe sarafu nne za staa kwenye swali hilo, moja baada ya nyingine.

Sarafu ya kwanza: senti kumi yenye tundu

Kaishika juu, kachungulia kamera kupitia katikati, kasema, "Oneni, mashine ilitoboa!" Ni kweli mashine ilitoboa, maana ndivyo ilivyoagizwa. Senti za Afrika Mashariki enzi za mkoloni, ile moja, tano na kumi, zilitengenezwa na tundu katikati kwa makusudi. Muulize mzee yeyote aliyezitumia dukani. Kosa lingekuwa kinyume chake: tundu limekaa pembeni likala maandishi, au halipo kabisa.

Hapa kuna somo ambalo wengi linatupita. Kabla hujajua sarafu gani imekosewa, lazima uijue iliyo sahihi ikoje. Wakenya wana sarafu ya shilingi 40 yenye picha ya Rais Kibaki, na kila baada ya muda kuna mtu anaiposti akidhani kiwanda kilichanganyikiwa, maana nani kaona shilingi arobaini? Ile ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni kumbukumbu. Vilevile shilingi ya Afrika Mashariki ya kati ya 1921 na 1946 ina madini ya fedha ndani yake, sehemu 250 kwa kila 1,000. Thamani yake ya ziada inatoka kwenye hayo madini na kwenye umri wake. Uzee, uchache na kosa ni vitu vitatu tofauti, na tapeli anapenda sana kuvikoroga kwenye sufuria moja.

Sarafu ya pili: shilingi mia yenye mstari usoni

Hii ina mstari unaokatiza kwenye shavu la Mwalimu. Staa kapitisha kucha juu yake na kusema kwa kinywa chake kwamba mstari "umezama kabisa, unausikia". Kaka, umejimaliza mwenyewe.

Chapa ikipata ufa, ule ufa ni bonde dogo kwenye chuma cha chapa. Ikigonga kibati, chuma cha kibati kinajaa kwenye lile bonde. Matokeo yake sarafu inatoka na mstari ulioinuka, kama mshono. Ukiona mstari umeinuka, kaa chini uangalie vizuri, huenda una ufa wa chapa mkononi. Ukiona mstari umezama, kwa kawaida hiyo ni mikwaruzo: msumari, funguo, lami ya kituo cha daladala. Kucha yako ndiyo kipimo, na hailipiwi usajili.

Niongeze kitu kwa wenye shilingi hamsini na mia zilizobadilika rangi. Hizi zina chuma ndani na ngozi ya shaba nyeupe juu. Ngozi ikichoka, chuma kinaonekana na kutu inaanza. Mtu anaiona nyeusi au ina mabaka anapiga kelele kwamba ilitengenezwa kwa chuma kisicho chake. Mara nyingi imekaa tu kwenye unyevunyevu, au imepita kwenye moto wa takataka.

Sarafu ya tatu: shilingi mia mbili yenye herufi pacha

Hii ndiyo iliyowapagawisha watu, na kusema ukweli ndiyo yenye mjadala mtamu. Kaivuta karibu na kamera, na kweli, pembeni ya maandishi upande wa Mzee Karume kuna kama kivuli. Hapa mkusanyaji hakurupuki, maana herufi kujirudia kuna kwa aina mbili.

Aina ya kwanza ni kosa la chapa. Zamani chapa ilitengenezwa kwa kukandamizwa na mhuri mama zaidi ya mara moja. Kati ya mkandamizo mmoja na mwingine, ikizunguka kidogo tu, herufi zinaandikwa mara mbili kwenye chapa yenyewe. Mfano maarufu kuliko wote ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955 iliyogongwa Philadelphia. Maandishi na mwaka vinaonekana mara mbili kwa macho matupu, hauhitaji lenzi. Zinakadiriwa kuwa zaidi ya 20,000 zilizotoka kabla ya kuzuiwa, na zote zimejirudia kwa namna ileile, kwa sababu zimetoka kwenye chapa ileile. Shika hilo: kosa la chapa lina ndugu zake. Ukiwa nalo wewe, kuna wengine nalo, na linaweza kulinganishwa.

Aina ya pili inatokea pale chapa inapolegea na kutikisika wakati wa kugonga. Inakwangua herufi ambayo tayari imeshachongwa, inaacha kivuli bapa pembeni kama ngazi, na herufi yenyewe inakuwa nyembamba kuliko kawaida. Hii ni ya kila siku, na wakusanyaji wengi hawailipii chochote. Kwa kosa la kweli herufi zinakuwa nene, mgongo wake wa mviringo, na kwenye kona unaona zimepasuka mbili.

Video ile nimeitazama mara tano nikaisimamisha pale alipovuta karibu. Kivuli ni bapa, na herufi zimekonda. Milioni kumi na tano? Hiyo ni mia mbili ya kawaida ya kumpelekea Mangi.

Sarafu ya nne: robo dola "iliyopinduka"

Kaigeuza, kichwa kimesimama upande huu, upande wa pili umeangalia chini. "Wazungu walilewa siku hiyo," kasema, watu wakacheka. Ukweli ni kwamba sarafu za kawaida za Marekani zote ziko hivyo. Ukiishika kwa vidole juu na chini halafu ukaizungusha kama mlango, upande wa pili unauona kichwa chini miguu juu. Za Uingereza ni kinyume, pande zote mbili zinasimama. Kosa lipo pale tu ambapo sarafu inatofautiana na dada zake wa aina hiyohiyo. Angekuwa na robo dola mbili, angeziweka pamoja akaona zinafanana, na laivu ingeishia hapo.

Kwa hiyo kati ya nne, moja ni muundo wake, moja imekwaruzwa, moja ni mtikisiko wa mashine usio na soko, na moja ni ya kawaida kabisa. Hakuna milioni hapo.

Sasa wapo watakaosema nina wivu. Kwenye komenti tayari wameanza: "Kila mtu na mishemishe yake", "Elfu kumi kitu gani, si unajaribu bahati?", "Mbona kuna mtu kweli aliokota sarafu akawa tajiri?" Hili la mwisho nalipenda, kwa sababu stori hiyo ipo, na ukiisikia yote inamgeuka staa wetu.

Mwaka 1943, katikati ya vita, Marekani iliacha kutumia shaba kwenye senti moja ili shaba iende kwenye mahitaji ya jeshi. Senti za mwaka huo ziligongwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zina rangi ya kijivu. Vibati vichache vya shaba vya zamani vilibaki kwenye mitambo, vikagongwa na chapa za 1943 kwa bahati mbaya. Mwaka 1947 kijana wa shule huko Massachusetts akapewa moja kama chenji kwenye kantini ya shule.

Wakati huo mtaani kulikuwa na uvumi kwamba tajiri wa magari Henry Ford anatoa gari jipya kwa atakayempelekea senti ya shaba ya 1943. Yule kijana akauliza Ford. Akajibiwa ni uongo. Akaandikia Hazina ya Marekani, akajibiwa senti zote za 1943 ni za chuma. Basi akaiweka. Ilikaa naye zaidi ya miaka 70. Januari 2019 ikauzwa kwenye mnada kwa dola 204,000.

Mmeona uvumi ule? Tajiri maarufu, zawadi kubwa, leta tu sarafu yako. Huu mchezo ni mkubwa kuliko Instagram kwa umri. Tofauti ni kwamba yule kijana aliuliza kwanza, na hakumtumia mtu hela. Na sarafu yake inapimika: senti ya chuma inanata kwenye sumaku, ya shaba hainati. Watu wamepaka rangi ya shaba senti za chuma ili wadanganye, lakini sumaku haidanganyiki. Sumaku unaweza kuitoa kwenye spika mbovu.

Halafu tuongelee bei, maana hapa ndipo macho yanapotutoka. Mwaka 2008 kiwanda cha Royal Mint cha Uingereza kilibadilisha muundo wa sarafu. Kwenye peni 20, mwaka ulihamishwa kutoka nyuma kwenda upande wa Malkia. Zikagongwa sarafu kwa chapa ya zamani ya Malkia na chapa mpya ya nyuma, zikatoka hazina mwaka kokote. Kosa halisi, kiwanda kikakiri. Lakini zinazokadiriwa kutoka hazizidi 250,000, na hizo ni nyingi, kwa hiyo bei yake mara nyingi inacheza kwenye makumi ya pauni. Ukiingia mtandaoni utaona watu wanaitangaza kwa maelfu. Bei ya tangazo kila mtu anaweza kuandika, hata mimi naweza kutangaza ndala zangu milioni mbili. Angalia bei iliyolipwa, siyo iliyoombwa.

Na hata ukiwa na kosa la kweli la sarafu yetu, jiulize wanunuzi wako wapi. Senti ya Marekani ina bei kwa sababu kuna wakusanyaji wengi wanaoigombania na kampuni kama PCGS na NGC zinazoikagua na kuifungia kwenye kasha. Sarafu ya Tanzania yenye kosa ni kitu kizuri kuwa nacho, mtu anayependa historia ataifurahia, na anaweza kukupa kitu. Kukuahidi milioni kumi na tano kabla hata hajaishika ni uongo mweupe.

Kinachoniuma mimi zaidi ya ile elfu kumi ni hiki. Kwenye video yake ya pili, staa kawaambia watu wasugue sarafu zao kwa ndimu na majivu "ziwake kabla ya kupiga picha". Jamani! Mkusanyaji anachotafuta ni uso wa sarafu ulivyotoka kiwandani, na ile rangi ya umri ni ushahidi wake. Ukisugua umeua ushahidi, na bei inaondoka nayo. Kuna bibi mahali fulani alihifadhi shilingi ya 1925 kwenye kitambaa miaka yote, mjukuu kaikwangua jana kwa sababu ya laivu. Elfu kumi utaitafuta tena. Ile sarafu hairudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo kama kweli umeipenda hii kitu, na nakushauri uipende maana ni raha, anza na kifaa cha kukuzia, sumaku na mizani ndogo ya dhahabu ikibidi. Ukishuku sarafu, tafuta nyingine kumi za aina hiyohiyo uzilinganishe uzito, unene na ukingo. Ikiwa imemegwa pembeni kama chapati iliyong'atwa, angalia ukingo wa upande unaotazamana na pengo: kibati kilichokatwa vibaya kiwandani kwa kawaida kinakuwa na ukingo dhaifu pale, kwa sababu hakikubanwa sawasawa. Iliyokatwa na koleo mtaani ukingo wake uko imara kote. Ukikutana na sarafu yenye vichwa pande zote mbili, tafuta mshono ndani ya ukingo, maana karibu zote ni sarafu mbili zilizochongwa na kuunganishwa kwa ajili ya mazingaombwe. Usisugue. Ishike pembeni. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, andika umeipata lini na wapi.

Na anayetaka kuinunua, yeye ndiye atoe hela. Mnunuzi anayeomba muuzaji amtumie kwanza, huyo ni ndugu yake na "ile hela tuma kwenye namba hii".

Wewe staa, najua unasoma hapa, maana mara ya mwisho ulijibu kabla sijamaliza chai. Una watu wengi wanaokuamini, na wengi wao elfu kumi ni hela ya siku mbili kazini. Rudi laivu na sarafu zilezile nne. Pitisha kucha, weka sumaku, geuza kama mlango. Ukituonesha kosa moja la kiwandani humo, mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza hapahapa. Ukishindwa, warudishie watu muamala wao, ukianza na yule dada.

Wadau, nani kaishatuma hiyo elfu kumi? Na nani ana sarafu anayoishuku kweli? Tiririka kwenye komenti, sema mstari umeinuka au umezama, tusaidiane kuitazama.